Ndege wa Ardhi Inayoitwa Tupu: Mtawanyiko, Makazi na Uhifadhi wa Kipozamataza wa Dupont (Chersophilus duponti)

Utangulizi

Kipozamataza wa Dupont ni ndege mdogo wa familia ya Alaudidae. Ana urefu wa sentimita 17 hadi 18, manyoya ya kahawia yenye michirizi na mdomo mrefu uliopinda kidogo. Ni spishi pekee katika jenasi yake, na jina la jenasi hiyo limeundwa kwa maneno mawili ya Kigiriki: moja lina maana ya ardhi kavu, na jingine lina maana ya mpenzi. Makala haya yanafafanua mtawanyiko wa ndege huyu, aina ya makazi anayoyahitaji na sababu za kupungua kwake. Hoja inayojengwa ni kwamba anatoweka hasa kwa sababu nyika anamoishi imehesabiwa kwa muda mrefu kuwa ardhi isiyo na kazi.

Mtawanyiko

Barani Ulaya spishi hii inapatikana Hispania peke yake. Huko imegawanyika katika makundi yaliyotengana: nyanda za juu za Soria, Guadalajara na Teruel, bonde la mto Ebro, na maeneo machache ya kusini, likiwemo la Cabo de Gata katika mkoa wa Almería. Kusini mwa Bahari ya Mediterania inapatikana Moroko, Aljeria, Tunisia na Libya. Nususpishi mbili zinatambuliwa: C. d. duponti, ya Hispania na sehemu ya magharibi ya Afrika Kaskazini, na C. d. margaritae, ya maeneo makavu zaidi ya kusini na mashariki.

Ndege huyu hahami kwa majira. Kwa hiyo kipande cha nyika kilichozungukwa na mashamba ni sawa na kisiwa kwake: jamii iliyomo ikiangamia, ni vigumu wengine kuja kuchukua nafasi yake.

Makazi

Nyika anayoichagua ina sifa tatu. Kwanza, ni tambarare au yenye mteremko mdogo sana. Pili, vichaka vyake ni vifupi, kwa kawaida sentimita 20 hadi 40. Nchini Hispania hivi ni pamoja na thaimu na pakanga, na Afrika Kaskazini huongezeka nyasi ngumu za alfa. Tatu, kati ya vichaka hivyo pana udongo ulio wazi. Udongo huo ni muhimu kwa sababu ndege huyu hutafuta wadudu, buibui na mbegu kwa kukimbia ardhini. Akishtuliwa, aghalabu hukimbia na kujificha badala ya kuruka.

Tabia hiyo inamfanya awe vigumu kuonekana. Dume huimba zaidi gizani, kabla ya jua kuchomoza, na sensa hutegemea sauti yake. Hapa pana tatizo la kimbinu: madume ni wengi kuliko majike, hivyo kuhesabu madume wanaoimba na kuchukulia kila mmoja kuwa jozi moja hukuza idadi halisi ya jozi zinazozaa.

Sababu za Kupungua

Nyika nyingi za Hispania zimedumishwa na malisho ya kondoo. Soria ilikuwa miongoni mwa vituo vikuu vya Mesta, chama cha wafugaji kilichotambuliwa na Mfalme Alfonso X mwaka 1273 na kuvunjwa mwaka 1836. Kondoo walizuia vichaka visirefuke, na kinyesi chao kilivutia mende ambao ni chakula cha ndege wa ardhini. Ufugaji huo ulipopungua katika karne ya 20, ardhi ilikumbwa na mambo mawili yanayoonekana kupingana. Sehemu yenye udongo bora ililimwa. Sehemu iliyobaki iliachwa, ikafunikwa na vichaka virefu na miti. Kwa kipozamataza, matokeo ni mamoja.

Upandaji miti uliongeza hasara hiyo. Kanuni ya Jumuiya ya Ulaya ya mwaka 1992 ilitoa ruzuku kwa kupanda miti katika ardhi za kilimo. Kitendo kinachosifiwa kuwa ni cha kuhifadhi mazingira huondoa makazi ya spishi hii pale kinapofanyika nyikani. Katika miongo ya karibuni imeongezeka pia mitambo ya umeme wa upepo, ambayo huhitaji nyanda zilezile zilizo wazi.

Uchambuzi wa takwimu za mwaka 2004 hadi 2015 ulionesha kuwa jamii ya Hispania ilipungua kwa wastani wa asilimia 3.9 kwa mwaka, yaani takriban asilimia 41 katika kipindi chote. Athari haiko katika idadi pekee. Paola Laiolo na José Luis Tella walionesha kuwa mgawanyiko wa makazi hubadilisha nyimbo zenyewe, kwa kuwa madume hujifunza kutoka kwa majirani. Pasipo majirani, hazina ya nyimbo hupungua, na upungufu huo waweza kusomwa kama dalili ya jamii inayoelekea kutoweka.

Uhifadhi

Spishi hii imo katika Kiambatisho cha Kwanza cha Maelekezo ya Ndege ya Umoja wa Ulaya, na imewekwa na IUCN katika kundi la spishi zilizo hatarini. Hata hivyo, kutenga eneo na kuzuia shughuli zote za binadamu hakutoshi, kwa sababu nyika isiyolishwa hugeuka kichaka. Mradi wa LIFE Ricotí, uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya mkoani Soria, ulichukua mkondo tofauti: kuondoa miti iliyovamia nyika na kurejesha malisho ya kondoo.

Hitimisho

Kipozamataza wa Dupont anadhihirisha kwamba kipimo cha uhifadhi hakiwezi kuwa wingi wa miti peke yake. Uhai wake unategemea ardhi ambayo haikulimwa wala haikuachwa, na mchungaji ni sehemu ya ikolojia ya ardhi hiyo. Sera inayolinda ndege bila kulinda riziki ya mchungaji italinda eneo ambalo ndege mwenyewe amekwisha kulihama au kufia humo.