Hoteli za 'malipo ya jumla' Zanzibar: Muuzaji wa Dodoma apime siku za kulipwa kabla ya bei

DODOMA: Wafanyabiashara wa Dodoma wanaotaka kuuza zabibu, mvinyo, mafuta ya alizeti au kuku kwa hoteli kubwa za Zanzibar hawana budi kuelewa kwanza jinsi hoteli hizo zinavyopata fedha. Bei nzuri kwenye mkataba inaweza kumwangusha muuzaji iwapo fedha zenyewe zitachelewa.

Soko lipo. Watalii wa kigeni walioingia Zanzibar mwaka 2023 walizidi 638,000, na mwaka 2024 walipita 736,000. Baadhi yao hufikia katika hoteli kubwa za ufukweni zenye mabwawa ya kuogelea, michezo ya watoto na vyumba vya familia. Mfano ni Riu Jambo ya Nungwi, iliyofunguliwa mwaka 2022 ikiwa na vyumba zaidi ya 400. Kampuni yake ilianzia kisiwa cha Mallorca, Hispania, mwaka 1953, na biashara yake inafuata mtindo uliokomaa katika fukwe za Mediterania: malipo ya jumla.

Katika mtindo huo, baba, mama na watoto hulipia chumba, milo na vinywaji kwa mkupuo mmoja, mara nyingi kupitia wakala wa safari wa Ulaya na miezi kadhaa kabla ya kuondoka nyumbani. Familia huupenda kwa sababu mtoto akiomba juisi ya tano hakuna bili inayoongezeka. Kwa hoteli, hata hivyo, juisi hiyo ni gharama tupu, kwani mapato ya mgeni huyo yamekwisha kujulikana.

Ndiyo maana mnunuzi wa hoteli hufanya kazi kwa kiwango cha matumizi kwa kila mgeni kwa siku. Mvinyo unaotolewa kwa glasi bila malipo ya ziada hutafutwa kwa bei ya lita na kwa uhakika wa kupatikana mwaka mzima. Mvinyo wa Dodoma hapo hushindana na ule wa Afrika Kusini, na sifa ya kuwa bidhaa ya nyumbani pekee haitoshi.

Dodoma ina nafasi yake. Zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na mavuno ya Agosti na Septemba huanza wakati shule nyingi za Ulaya zimefungwa na familia zinasafiri. Upande wa pili ni masika ya Aprili na Mei, ambapo wageni hupungua na baadhi ya hoteli hufunga kwa muda. Muuzaji aliyekopa kwa kutegemea mauzo ya miezi 12 hujikuta katika shida.

Hatari kubwa zaidi ni mkopo wa ankara. Wakala huweza kuchelewa kuilipa hoteli, na hoteli nayo ikamchelewesha mzabuni. Tuseme mfanyabiashara ana mtaji wa sh. milioni 10, anapeleka mzigo uliomgharimu sh. milioni 2.5 kila wiki, na hulipwa baada ya siku 60. Mtaji wake utakwisha kwa mzigo wa nne. Kabla ya kupokea malipo ya kwanza atakuwa amepeleka mizigo tisa, yenye gharama ya sh. milioni 22.5. Pengo la sh. milioni 12.5 lazima lizibwe kwa mkopo. Iwapo faida yake ni asilimia 8 ya gharama na riba ni asilimia 3 kwa mwezi, mzigo uliokopewa kwa miezi miwili utambakizia asilimia 2 tu, kabla ya kuhesabu mali iliyoharibika njiani.

Mnyororo huo pia hukatika. Kampuni ya Uingereza ya Thomas Cook ilifilisika Septemba 23, 2019, na hoteli nyingi za Hispania, Ugiriki na Uturuki zikabaki na ankara za kiangazi zisizolipwa. Juni 2024 ilikuwa zamu ya FTI ya Ujerumani. Hoteli isipolipwa, mwenye kuku na mwenye zabibu hungoja mwisho wa foleni.

Kwa hiyo, kabla ya kutia saini, muuzaji apate majibu ya mambo manne: siku za malipo, kiasi cha chini kitakachonunuliwa wakati wa masika, nani anabeba hasara ya mzigo ukiharibika kati ya Dodoma na Nungwi, na kiwango cha juu cha deni kabla ya kusimamisha mzigo. Kuanza na hoteli mbili ndogo zinazolipa kwa wiki kunaweza kuwa salama kuliko hoteli moja kubwa.

Mwekezaji mdogo anayeombwa kuchangia mtaji wa biashara ya namna hii naye asiridhike kuonyeshwa mkataba na LPO. Aombe kuona tarehe ambazo ankara zilizopita zililipwa.