FIDLA YA MKULIMA MASKINI

Zikitajwa habari za mkulima, aghalabu watu huuliza alivuna magunia mangapi. Ni nadra kuuliza aliimba nini jioni, jembe likiisha kuwekwa. Leo twauliza swali hilo la pili juu ya Charles Ingalls wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1836 akafariki mwaka 1902.

Ingalls alikuwa mkulima, seremala, na mpiga fidla, chombo cha nyuzi nne kilicho jamaa ya zeze. Kutoka Wisconsin alihamia Kansas, baadaye Minnesota, Iowa, na mwishowe Dakota, akitafuta shamba. Na fidla haikuachwa nyuma.

Wala hatutampamba. Mwaka 1869 alijenga nyumba Kansas katika ardhi iliyokuwa bado mali ya Waosage, nao wenyeji hao wakaondoshwa kwenda nchi ambayo leo ni Oklahoma. Baadhi ya nyimbo alizopiga zilitoka katika michezo ya kuwadhihaki watu Weusi. Maskini naye aweza kunufaika na dhuluma wanayotendewa wengine, na hilo yapasa lisemwe.

Hata hivyo ardhi haikumtajirisha. Huko Minnesota, katika miaka ya 1870, nzige walikula ngano yake, akaenda mbali kufanya kibarua cha kuvuna mashamba ya watu. Mwaka 1879 alikuwa karani katika ujenzi wa reli huko Dakota. Katika majira ya baridi ya 1880 hadi 1881 theluji ilizuia treni kwa miezi. Watu wakasaga ngano kwa kinu cha kahawa, wakasokota nyasi kavu ziwe kuni. Binti yake, Laura Ingalls Wilder, ameandika katika riwaya yake kwamba vidole vya baba vilikakamaa kwa baridi hata asiweze kupiga fidla. Hicho ni kipimo cha dhiki ambacho hesabu ya magunia haitoi.

Nyimbo zake alizikusanya kwa sikio: za kanisani, za dansi, za vitani. Nyingi zilijulikana na wengi. Kilichokuwa hatarini kupotea ni habari ya mkulima mmoja: aliimba nini, lini, na kwa ajili ya nani. Laura alikuwa na umri wa miaka 65 kitabu chake cha kwanza kilipotoka mwaka 1932, na katika vitabu vyake alitaja nyimbo zaidi ya mia moja. Mwaka 2011 mtaalamu wa muziki Dale Cockrell alizichapisha pamoja na noti zake. Fidla yenyewe imehifadhiwa Mansfield, Missouri.

Kwa miaka 30 baada ya kifo cha Ingalls, habari hiyo ilitegemea kumbukumbu ya waliomsikiliza. Basi, ndugu msomaji, mzee aliye nyumbani kwako anapoimba, nani anasikiliza? Mavuno huliwa yakaisha. Wimbo nao huisha, asipopatikana wa kuuandika.