Dhahabu Katika Upimaji wa Molekuli

Ili molekuli ipimwe uzito katika spektrometa ya tungamo, haina budi kwanza kung'oka ilipo na kuelea katika ombwe ikiwa na chaji ya umeme. Mwali wa leza ukiipiga moja kwa moja, aghalabu huivunja. Mwaka 1985, huko Kyoto, Koichi Tanaka alichanganya kwa makosa gliserini na unga laini wa kobalti. Unga ukafyonza mwanga, molekuli ikaruka nzima. Kazi iliyofuata ilimpatia sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2002. Chembe ndogo mno za dhahabu hutumika vivyo hivyo. Dhahabu nayo hutoa ioni. Ile ya atomi moja ina tungamo 197. Kwa kuwa tungamo hiyo yajulikana, mpimaji huitumia kusahihishia chombo chake.