Hesabu ya Kuku wa Uani: Joto, Nuru na Ujirani

Tangu dahari ua wa nyumba ya pwani ulikuwa na kuku wake wachache, waliojichumia riziki kwa makombo na wadudu mchana, wakalala jikoni au juu ya mwembe usiku, na mwenyewe hakuwahesabu ila alipofikiwa na mgeni au ilipokaribia Idi. Ufugaji huo ungalipo, lakini ubavuni mwake imezuka tijara nyingine katika vitongoji vya Dar es Salaam kama Mbagala, Tabata na Kigamboni, ambako karani, mwalimu mstaafu au mama wa nyumbani hununua vifaranga 100 vya siku moja, akavilea nyuma ya nyumba, akitaraji kuuza kuku wa nyama baada ya wiki 5 au 6, au kuanza kuokota mayai baada ya miezi 5 hivi. Wanunuzi hawakosekani, maadamu hoteli, wakaanga chipsi na wenye maduka ya mitaani huhitaji nyama na mayai kila siku. Na anayefunga banda kabla ya mwaka kwisha, aghalabu si soko lililomfungisha.

Mwenye kuingia katika kazi hii huuliza kwanza bei ya kifaranga na bei ya mfuko wa chakula, na ana haki kuuliza, kwa kuwa chakula peke yake humeza zaidi ya nusu ya matumizi: mtetea anayetaga hula gramu 110 hadi 120 kwa siku, hata mitetea 100 humaliza mfuko wa kilo 50 kwa siku 4 tu. Lakini gharama hiyo hujulikana tangu mwanzo na huonekana kwa macho. Imkutayo mfugaji kwa ghafula ni ile isiyoandikwa katika risiti ya muuzaji wa vifaranga, nayo ni gharama ya joto la wiki za mwanzo, ya nuru kwa kuku wa mayai, na ya kukaa kwa amani na jirani na kanuni za mji.

Tuanze na joto. Kifaranga kisichoota manyoya hakina uwezo wa kuhifadhi joto la mwili wake, na kwa hiyo, ikiwa hakina mama wa kukifunika, sharti kipewe nyuzi 32 hadi 35 katika wiki ya kwanza, kisha zipunguzwe nyuzi 3 hivi kila wiki mpaka zifike 21. Mfugaji wa pwani katika majira ya kaskazi husaidiwa na hewa yenyewe, ilhali mwenzake wa Lushoto au Njombe, au hata yeye mwenyewe mvua za masika zikinyesha usiku kucha, hulazimika kununua kila nyuzi kwa umeme au kwa mkaa. Taa nyekundu ya wati 250 ikiwaka mchana na usiku hula uniti 6 kwa siku, yaani uniti 84 kwa wiki 2; na anayezinunua kwa Luku huona mwenyewe jinsi zinavyoyeyuka. Wengi hukimbilia jiko la mkaa au chungu chenye makaa, ambacho ni rahisi na hakijali umeme kukatika. Lakini mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua vifaranga na huweza kumwua aliyelala karibu navyo, basi ni wajibu kuacha nafasi ya hewa upande wa juu wa ukuta na kutolala chumba kimoja na jiko hilo asilani. Taa nayo ina hatari yake, kwani maranda makavu ya kutandikia sakafu hushika moto upesi: itundikwe kwa mnyororo wala si kwa waya wake wa umeme, na ifungwe mahali pawili, ili kifungo kimoja kikikatika kingine kiizuie isianguke.

Asiye na kipimajoto na avitazame vifaranga vyenyewe, hasa usiku wa manane. Vikirundikana chini ya taa na kulia kwa sauti kali, vina baridi, na vile vya katikati vitakufa kwa kukanyagwa na kukosa pumzi. Vikikimbilia ukingoni mwa mduara wa kulelea huku vimefumbua midomo na kulegeza mbawa, joto limezidi. Vikijikusanya upande mmoja tu, pana upepo unaopenya. Na vikitawanyika sawasawa, vingine vikila na vingine vimejilaza, mfugaji na aende akalale.

Nuru ina hesabu tofauti kabisa, na hapa ndipo wengi wanapobania senti na kupoteza shilingi. Kuku wa mayai hutaga vizuri apatapo saa 14 hadi 16 za mwanga, ilhali katika nchi zetu zilizo karibu na ikweta mchana hauzidi sana saa 12 mwaka mzima, hivi kwamba huhitaji kuongezewa saa 2 au zaidi. Balbu ya kisasa ya wati 9, ikiwashwa saa 3 kila siku, haimalizi hata uniti moja kwa mwezi, kiasi ambacho ile taa nyekundu ya vifaranga hukila kwa saa 4. Afadhali mwanga huo uongezwe alfajiri, kwa mfano tangu saa 10, kuliko usiku, kwa sababu jua likizama kuku hupanda fito zao za kulalia wenyewe kwa utulivu, bali taa ikizimwa ghafula usiku huachwa gizani wametapakaa sakafuni. Aidha, tembe wasiongezewe saa za mwanga kabla hawajakomaa, kwani hutaga mapema mayai madogo na huweza kutokwa na kizazi. Na mitetea iliyokwisha kuzoea taa isinyang'anywe kwa ghafula, isije ikanyonyoka manyoya na kuacha kutaga.

Ama kanuni, hakuna sheria moja ya kuku kwa miji yote. Nchini Tanzania kila halmashauri ya mji hutunga sheria ndogo zake kwa mamlaka iliyopewa na sheria ya mwaka 1982 ya serikali za mitaa mijini, na Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 hukataza mtu kuwafanyia wenziwe kero ya uvundo na uchafu. Nairobi ilijitungia sheria ya kilimo cha mjini mwaka 2015. Kwa hiyo kabla ya kununua bati la kwanza, mtu na afike ofisi ya mtaa, amwulize bwana afya na bwana mifugo, na mpangaji apate idhini ya mwenye nyumba. Malalamiko mengi huzuilika kwa gharama ndogo: jogoo hahitajiki katika banda la mayai ya kula, maana mtetea hutaga bila yeye, na kinyesi kikizolewa ndani ya wiki hakiwapi nzi muda wa kutimiza uzazi wao, tena wenye bustani za mchicha hukinunua kwa mbolea. Mfugaji na achuchumae mpaka kimo cha kuku: akiwashwa macho, maranda yameloa na jirani atafuata kulalamika.

Ugonjwa wa mdondo nao haujui ukuta. Vifaranga vya bei nafuu visivyojulikana asili yake huuleta mlangoni, na serikali hazina mzaha na jambo hilo: mwaka 2017 vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya viliteketezwa mpakani Namanga, kwa hofu ya mafua ya ndege. Lakini hata aliyenunua kwa mtotoleshaji mwaminifu, akachanja kwa wakati, akaweka maji ya dawa mlangoni na kunawa mikono kwa sabuni kila atokapo bandani, bado ana kuku watano wa jirani wanaozurura upande wa pili wa ua bila chanjo. Chanjo ya mdondo ya I-2, itengenezwayo nchini Tanzania, hutiwa tone moja katika jicho moja kila baada ya miezi 3, na chupa moja hutosha kuku mamia. Ikifunguliwa haiwekwi akiba. Mwenye kuku 100 anayemwaga iliyobaki ametupa mali. Anayemwita jirani alete kuku wake siku ile ile amejinunulia kinga na amani kwa bei ya tone.

Basi mwenye fedha za vifaranga 200, ikiwa fedha hizo ndizo zote alizo nazo, na anunue 100, na nusu iliyobaki aiweke kwa joto, kwa chanjo na kwa usafi wa ua. Faida ya mkupuo wa kwanza itakuwa ndogo, lakini atakuwa na kuku wa kuuza na mtaa unaomruhusu kununua mkupuo wa pili.