Je, Wajua? Barua za Jaji Aliyewakimbia Wadai

James Wilson alikuwa mmoja wa majaji sita wa kwanza wa Mahakama ya Juu ya Marekani. Hukumu zake husomwa hadi leo, lakini barua zake za biashara na za sheria zinafichua yale ambayo hukumu haiandiki: jaji alidaiwa na nani, na mkono wake ulikuwa huru kiasi gani.

Je, wajua kwamba Wilson alizaliwa Fife, Uskoti, mwaka 1742? Alivuka bahari mwaka 1765, akasomea uwakili Pennsylvania chini ya John Dickinson. Ni watu sita tu waliotia saini Azimio la Uhuru la 1776 na pia Katiba ya 1787. Yeye ni mmoja wao.

Je, wajua kwamba aliuomba Ujaji Mkuu kwa barua? Aprili 1789 alimwandikia George Washington akijipendekeza kwa cheo hicho. Rais alimjibu kwa adabu kwamba hataki kujifunga kwa ahadi kwa mtu yeyote. Ujaji Mkuu ukaenda kwa John Jay, Wilson akapewa kiti cha kawaida.

Je, wajua mshahara wake? Dola 3,500 kwa mwaka. Jaji Mkuu alipata 4,000. Juu ya hayo, majaji walitakiwa kusafiri kwa farasi na magari ya farasi kwenda kusikiliza kesi mikoani. Agosti 1792 walimwandikia Rais kulalamika kwamba safari hizo zinawamaliza, na mwaka uliofuata Bunge liliwapunguzia mzigo.

Je, wajua kwamba barua za siku hizo kwa kawaida hazikuwa na bahasha? Karatasi ilikunjwa, anwani ikaandikwa mgongoni, ikafungwa kwa lakiri. Posta ilihesabu kila karatasi, hivyo bahasha ingekuwa gharama ya ziada.

Je, wajua nani alilipia? Mara nyingi ni aliyeipokea. Kwa sheria ya posta ya 1792, karatasi moja iliyosafiri zaidi ya maili 450, yaani kilomita 720 na ushei, iligharimu senti 25. Kwa hiyo mdeni aliweza kujikuta akilipia barua ya kumdai.

Je, wajua kwamba mashine ya kunakili ilikuwepo tayari? James Watt, yule wa injini ya mvuke, aliipatia hataza mwaka 1780. Karatasi nyembamba yenye unyevu iligandamizwa juu ya barua mbichi, ikanyonya wino, kisha nakala ikasomwa kwa upande wa pili. Washington na Thomas Jefferson waliitumia. Wengine waliandika kila barua mara mbili, nakala moja ikabaki daftarini. Wahenga wetu walishasema: mali bila daftari huisha bila habari.

Je, wajua kwamba baadhi ya misingi mikubwa ya sheria ya Marekani imo katika barua, si katika hukumu? Mwaka 1792 Bunge liliwaagiza majaji wapime madai ya pensheni ya askari walioumia vitani, huku Waziri wa Vita akiwa na uwezo wa kupinga uamuzi wao. Aprili 18, Wilson na wenzake wawili walimwandikia Rais kwamba hawawezi: kazi hiyo si ya mahakama, na uamuzi wa jaji haupaswi kukaguliwa na waziri.

Je, wajua kwamba mwaka 1793 Jefferson, akiwa Waziri wa Mambo ya Nje, aliwaandikia majaji kwa niaba ya Rais akiomba ushauri wa kisheria kuhusu vita vya Uingereza na Ufaransa? Agosti 8 walimjibu Rais kwa barua kwamba hawatatoa ushauri nje ya kesi. Wilson alikuwa kati ya waliotia saini. Mpaka leo mahakama za shirikisho za Marekani hufuata msimamo huo. Kenya ilichagua njia nyingine: ibara ya 163 ya Katiba ya 2010 inairuhusu Mahakama ya Juu kutoa maoni ya ushauri.

Je, wajua kwamba akiwa jaji aliendelea kununua ardhi kwa fedha za mkopo? Alikuwa pia mwanahisa wa kampuni za Illinois na Wabash, zilizodai kuwa zimenunua ardhi kubwa moja kwa moja kutoka kwa wenyeji wa asili. Mwaka 1823 Mahakama ya Juu iliamua kwamba ununuzi wa watu binafsi wa namna hiyo hautambuliwi.

Je, wajua kwamba kukopa harusi, kulipa matanga? Bei za ardhi zilipoanguka mwaka 1796 na 1797, wadai walimjia Wilson kwa pamoja. Alifungwa kwa ajili ya deni huko Burlington, New Jersey, na mwanawe Bird ndiye aliyemsaidia kutoka. Rafiki yake Robert Morris, tajiri aliyegharamia Mapinduzi ya Marekani, naye alifungwa kuanzia 1798 hadi 1801.

Je, wajua aliyemfunga mara ya pili? Ni Pierce Butler, mtu aliyetia saini Katiba ileile pamoja naye. Alimdai dola 197,000, sawa na mshahara wa jaji wa miaka 56. Wilson alikuwa amekimbilia Edenton, North Carolina, alikoishi jaji mwenzake James Iredell. Katika barua ya 1798 alilalamika kwamba anawindwa kama mnyama wa porini. Alifariki huko Agosti 21, 1798, bado akiwa jaji. Mwaka 1906 masalia yake yalihamishiwa Philadelphia.

Je, wajua nani alirithi kiti chake? Bushrod Washington, mtoto wa ndugu yake George Washington. Mwaka 1799 Bushrod alirithi pia barua na nyaraka za baba yake mkubwa huyo, na John Marshall akazitumia kuandika maisha ya George Washington.

Je, wajua kwamba sheria nyingine ya 1792 iliwataka majaji wa wilaya wajitoe kwenye kesi yenye maslahi yao, lakini haikuwagusa wa Mahakama ya Juu? Hao waliingizwa mwaka 1948. Leo jaji wa shirikisho mwenye hata hisa moja katika kampuni iliyo mbele yake hana budi kujitoa. Ukisoma barua za Wilson hutaona ukali huo kuwa umezidi. Hakuna haja ya kuthibitisha kwamba aliuza hukumu hata moja. Inatosha kwamba kila aliyefika mbele yake alikuwa na haki ya kujiuliza. Raia anastahili jaji asiyemlazimu kujiuliza.