Kumpeleka Mama Kwenye Fiodi za Norway: Yapangeni ya Afya Kabla Meli Haijang'oa Nanga

 

Msimu wa kiangazi unapokaribia, wengi wetu hapa Uingereza hupata bahati ya kuwaleta wazazi kututembelea. Ukishampeleka Mama kuona saa kubwa ya London, ukampeleka sokoni na kwa ndugu wa Leicester, unaanza kujiuliza umpe zawadi gani ya kukumbuka. Siku hizi wapo wanaokata tiketi ya meli ya kitalii kutoka Southampton kwenda Norway, safari ya siku saba hivi, kuona fiodi. Kwa asiyejua, fiodi ni mikono ya bahari iliyoingia ndani kabisa ya nchi kavu, milima ikiwa imesimama wima pande zote mbili. Sognefjord peke yake una urefu wa zaidi ya kilomita 200, na kina chake kinapita mita 1,300.

Ni safari nzuri sana, na inamfaa mzee kwa sababu halazimiki kupanda wala kushuka ili aone. Lakini mzazi wa miaka 70 aliyetoka kwenye joto, mwenye presha au sukari, akiwa katikati ya Bahari ya Kaskazini, anahitaji maandalizi. Mimi ni muuguzi, na hata hivyo nilikosea kwa mama yangu mwenyewe. Ndiyo maana naandika.

YALIYONIPATA

Mama alikuja kutoka Tanga kukaa nami miezi mitatu. Nilimwuliza, "Mama, dawa zako za presha unazo?" Akajibu, "Ninazo mwanangu." Nami nikaridhika. Usiku wa kwanza baharini aliamka kwenda chooni, akayumba, akashika mlango. Nikadhani ni mawimbi. Asubuhi akasema kichwa kinamgonga, nikampeleka zahanati ya meli. Presha ilikuwa 198 juu na 112 chini.

Daktari wa meli aliomba kuona dawa. Mama akatoa kwenye mkoba wake karatasi moja ya vidonge, vingine vimekatwa nusu. Ndipo ukweli ulipotoka. Alikuwa amekuja na dawa za mwezi mmoja. Ili zimtoshe miezi mitatu, alikuwa anameza nusu, siku moja anameza, siku moja anaacha. Nilipomwuliza kwa nini hakuniambia, alisema, "Sikutaka kukusumbua, nawe una kazi zako."

Jamani, mimi kazi yangu ni kupima watu presha kutwa nzima! Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Sisi tulinusurika, alipewa dawa akalazwa pale chini hadi jioni, na bili ikaja ya mamia ya pauni. Lakini nilijua kosa halikuwa lake. Swali nililomwuliza lilikuwa la juu juu, la mtu mwenye haraka.

1. KAGUA DAWA KWA MACHO YAKO

Usimwulize mzazi kama anazo. Mwambie, "Mama, lete dawa zako zote tuzipange pamoja," kisha keti naye, hesabu vidonge mbele yake. Zikiwa pungufu, mpeleke kwa daktari mapema, wiki kadhaa kabla ya safari. Mgeni anaweza kuomba kuandikishwa kwa daktari wa mtaani kama mkazi wa muda.

Mambo ya kuhakikisha:

- Dawa ziwe za kutosha safari nzima na wiki moja au mbili za ziada, zikiwa kwenye maboksi yake yenye maandishi.
- Awe na karatasi yenye majina halisi ya dawa (siyo jina la kampuni tu, maana hubadilika kutoka nchi hadi nchi), kiasi anachomeza, magonjwa aliyonayo, na dawa zinazomdhuru.
- Dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi. Pale bandarini masanduku huchukuliwa mlangoni na kuletwa chumbani saa kadhaa baadaye. Dozi ya mchana isije ikawa ndani ya sanduku.
- Kama anachoma insulini, uliza meli mapema kuhusu friji ya dawa. Friji ndogo ya vinywaji chumbani haiaminiki. Na mkishuka kwenye baridi, kalamu ya insulini ikae ndani ya koti karibu na mwili, kwani insulini iliyoganda haifai tena.

2. USIFUATE JUA, FUATA SAA

Hili wengi hawalifikirii. Wazee wetu wengi wamezoea kumeza dawa kwa kufuata jua au swala: kimoja baada ya alfajiri, kimoja baada ya magharibi. Sasa mwishoni mwa Juni pale Bergen jua linazama baada ya saa tano usiku, na linachomoza tena muda mfupi baada ya saa kumi alfajiri. Ukienda kaskazini zaidi, mpaka Tromsø, jua halizami kabisa kuanzia katikati ya Mei hadi mwishoni mwa Julai. Mama akisubiri magharibi ndipo ameze dawa, mpango mzima unavurugika.

Weka kengele kwenye simu. Kumbuka pia kwamba Norway iko mbele ya Uingereza kwa saa moja, na kwamba Mama anahesabu saa za Kiswahili. Ukimwandikia "8" kwenye boksi atasoma saa nane. Andika "saa mbili usiku" kwa maneno.

Pia funga mapazia mapema. Mzee asiyelala vizuri siku tatu mfululizo anaweza kuchanganyikiwa na kuanguka.

3. MPE MUDA BAADA YA NDEGE

Usimtoe Heathrow leo ukampandisha meli keshokutwa. Ameketi kwenye ndege saa nyingi, damu ya miguuni imetulia, mwili umechoka. Mpe walau wiki mbili nyumbani. Akivimba mguu mmoja, akapata maumivu kwenye shavu la mguu au akahema kwa shida, hiyo ni dharura. Inaweza kuwa damu iliyoganda.

Sababu ya pili ya kusubiri ni malaria. Mtu anaweza kuondoka Tanga, Kisumu au Bukavu akiwa mzima, homa ikaja wiki moja, mbili au nne baadaye. Huku watu wakiona mzee ana homa na anatetemeka wanasema ni mafua ya baridi. Usikubali kuishia hapo! Mwambie daktari yeyote, wa meli au wa nchi kavu, kwa maneno wazi: "Mama yangu ametoka sehemu yenye malaria, naomba apimwe damu." Apimwe siku hiyo hiyo. Malaria iliyocheleweshwa inaua, hata kwa mtu aliyekulia nayo.

4. KICHEFUCHEFU CHA BAHARI

Kutoka Southampton mpaka Norway mnavuka Bahari ya Kaskazini, na hapo hakuna kisiwa cha kujikinga. Mkishaingia kwenye fiodi maji yanatulia kama ya bwawa. Chagua chumba cha katikati ya meli na cha ghorofa za chini, huko meli haichezi sana. Mama ale kidogo kidogo, aketi mahali anapoona upeo wa bahari. Tangawizi huwasaidia wengine.

Kuhusu dawa, tahadhari. Dawa za kuzuia kutapika zinauzwa madukani, lakini si zote zinafaa wazee. Zile zenye hyoscine, iwe kidonge au kiraka cha kubandika nyuma ya sikio, zinaweza kumchanganya mzee akili, kumzuia mkojo na kumletea hatari mwenye presha ya macho au mzee wa kiume mwenye tezi dume. Nyingine huleta usingizi mzito, na mzee mwenye usingizi kwenye meli inayoyumba ataanguka. Mwulize mfamasia ukiwa na orodha ya dawa mkononi.

Akitapika au kuharisha mfululizo, usimwachie aendelee na dawa zote kama kawaida, wala usizisimamishe kwa uamuzi wako. Baadhi ya dawa za presha, za kuongeza mkojo na metformin huhitaji kusimama kwa muda mwili unapokauka maji. Insulini haiachwi hivi hivi. Mpelekeni zahanati.

5. MIKONO NA SABUNI

Melini watu maelfu wanagusa vijiko vile vile, na virusi vya norovirus vya kutapika na kuharisha hupenda sana mahali hapo. Ile dawa ya kupaka mikononi mlangoni pa chumba cha chakula haiviui vizuri. Kinachosaidia ni maji na sabuni kila kabla ya kula na baada ya choo. Mkipata ugonjwa, semeni. Mkae chumbani hadi zipite saa 48 tangu dalili ziishe.

6. CHAKULA, CHOO NA KUANGUKA

Chakula melini hakina mwisho, na Mama ataona kukiacha ni dhambi. Mweleze kwamba supu, nyama za kukaushwa na samaki wa moshi zina chumvi nyingi. Mwenye sukari aangaliwe upande wa keki. Wanaotaka chakula halali waandikie kampuni wiki kadhaa kabla, msisubiri kufika mezani.

Wazee wanaomeza dawa za kuongeza mkojo wana siri yao: wakisikia kuna safari ya basi, hawamezi, na maji hawanywi, wakiogopa aibu ya choo. Zungumza naye kwa heshima, na umwulize daktari kama dozi inaweza kusogezwa hadi mrudi. Na kwenye baridi mtu hasikii kiu, lakini mwili unahitaji maji vile vile.

Bafu za melini nyingi zina kizingiti mlangoni. Acha taa ya bafuni ikiwaka usiku, na Mama avae viatu vya raba visivyoteleza, siyo kandambili.

7. BARIDI NA MVUA

Msidanganyike na neno kiangazi. Bergen inajulikana kwa mvua zaidi ya siku 200 kwa mwaka, na upepo wa juu ya meli unapenya mifupa. Koti moja zito halitoshi. Mvalishe tabaka: nguo ya ndani ya kuhifadhi joto, sweta, kisha koti lisilopitisha maji, na soksi, glavu na kofia chini ya mtandio. Baridi hubana mishipa na kupandisha presha. Ukimwona amenyamaza sana, mikono baridi, anaongea polepole, mwingize ndani.

8. HOFU YA MELI

Tusilisahau hili. Watu wa kwetu wana makovu ya MV Bukoba ya 1996, Spice Islander ya 2011 na Skagit ya 2012. Familia nyingi za pwani na za ziwani zinamjua aliyepotea. Kabla ya kuondoka kuna zoezi la usalama, na ishara ya dharura ni milio saba mifupi na mmoja mrefu. Mama asipoambiwa mapema, moyo wake utaruka. Mweleze nyumbani, na mkifika umwonyeshe jaketi lake na boti lake. Kama hofu ni kubwa mno, msimlazimishe.

9. BIMA NA KARATASI

Kwa kifupi: huduma ya afya ya serikali ya Uingereza haifanyi kazi melini, daktari wa meli hulipwa, na kutolewa kwa helikopta ni gharama kubwa. Mgeni hawezi kutumia bima yako ya mkazi. Tafuta bima ya wageni inayotaja safari ya meli na kurudishwa nyumbani, na utangaze presha, sukari na kila ugonjwa. Ukificha, siku ya kudai utaambiwa hapana.

Norway iko ndani ya Schengen, kwa hiyo mwenye pasi ya Kenya au Tanzania anahitaji viza hiyo, ambayo yenyewe hudai bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Hakikisha pia viza yake ya Uingereza inamruhusu kuingia tena. Mkiwa nchi kavu Norway, namba ya gari la wagonjwa ni 113.

YA KUFURAHIA

Haya yote nisije nikawatisha. Kule Geiranger, kwenye fiodi iliyowekwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2005, maporomoko ya maji yanaonekana ukiwa umekaa kwenye kiti. Mara nyingi watu huteremshwa huko kwa boti ndogo, na mwenye magoti mabovu hakosi kitu akibaki melini. Flåm kuna treni inayopanda mita 866 kutoka usawa wa bahari kwa mwendo wa kama saa moja; mnaketi tu na kutazama.

Siku ya nne, presha imeshuka, Mama alikaa nje amejifunika blanketi na kanga kichwani, akaangalia yale maji yanavyomwagika kutoka mlimani. Akanishika mkono akasema, "Baba yako angeyaona haya." Tukakaa kimya muda mrefu. Kengele ya simu ikalia, akafungua mkoba, akameza kidonge kizima mbele yangu.

Basi ndugu msomaji, jioni ya leo kabla hujakata tiketi, mwombe mzazi akuletee mfuko wake wa dawa, mhesabu pamoja. Mungu awape wazazi wetu afya na umri. Tukutane tena safu ijayo.