Ukoko wa birika usikuhadae: Maji magumu na afya ya familia

Katika nyumba nyingi za mwambao, birika la chai halichukui muda kabla ya kujengeka ukoko mweupe ndani yake. Sabuni hutoa povu kwa taabu, na kanzu iliyofuliwa hukauka ikiwa imekakamaa. Akina mama wanaoyaona hayo huuliza swali la haki: ikiwa maji haya yanalifanya birika hivi, yanafanya nini ndani ya tumbo la mtoto?

Jibu la wataalamu wa afya linatuliza moyo. Maji huitwa magumu yanapobeba kwa wingi madini ya kalsiamu na magnesiamu. Mvua inapopenya katika mawe ya chokaa na matumbawe, kama yale ya Unguja na Mombasa, huyayeyusha madini hayo na kuyafikisha kisimani. Nayo ni madini ambayo mwili unayahitaji. Kalsiamu ndiyo ijengayo mifupa na meno, na twaipata pia katika maziwa na dagaa. Shirika la Afya Duniani halikuweka kikomo cha kiafya cha ugumu wa maji. Ukoko wa birika ni chokaa iliyojitenga maji yalipochemka, na siki au ndimu huuondoa. Aliyewahi kupata mawe ya figo na amuulize daktari wake, lakini asipunguze kunywa maji, kwani uchache wa maji mwilini ni miongoni mwa sababu kubwa za mawe hayo.

Kwa upande wa ibada vilevile hakuna shaka. Maji yaliyobadilika kwa madini ya ardhi yanakopita hayatoki katika utwahara wake, na yanafaa kutawadhia. Lakini hapa ndipo panapohitaji uangalifu: utwahara wa maji ni jambo moja, na usalama wake kwa mnywaji ni jambo jingine.

Tuangalie miteremko ya Mlima Meru, mkoani Arusha. Huko maji ya chemchemi nyingi ni laini. Sabuni hutoa povu upesi na birika hubaki safi. Hata hivyo, mengi yamebeba floraidi itokayo katika miamba ya volkano. Kalsiamu ikiwa nyingi, huungana na floraidi na kuigandisha. Ikiwa chache, floraidi hubaki majini bila kizuizi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na zipo chemchemi za Arusha zinazopita kiwango hicho mara kadhaa.

Anayelipa gharama yake ni mtoto. Meno ya kudumu yanapojengeka ndani ya fizi, floraidi iliyozidi huyatia madoa ya kahawia ambayo mswaki hauyaondoi. Ikizidi sana kwa miaka mingi, huathiri hata mifupa na kuipindisha. Kuchemsha hakusaidii, maji hupungua kwa mvuke, floraidi ikabaki. Magadi ya kulainishia maharage nayo huweza kuwa na floraidi nyingi, hivyo ni bora kuyaepuka.

Mwambaoni hatari iliyojificha ni nyingine. Kisima kilicho karibu na choo cha shimo huingiwa na vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, na hivyo havionekani kwa macho. Hapa kuchemsha ndiyo dawa. Chumvi ya bahari ikiingia kisimani, haiondoki kwa kuchemsha, na mwenye shinikizo la damu atafute maji mengine ya kunywa.

Basi mzazi afanye nini? Kwanza, ayapeleke maji ya kisima kipya kwenye maabara ya ubora wa maji kabla familia haijaanza kuyanywa. Pili, palipo na floraidi, avune maji ya mvua kwa ajili ya kunywa na kupikia, akianza na watoto wadogo. Tatu, upo mchujo wa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao kituo cha Ngurdoto mkoani Arusha kimeufanyia utafiti. Mwislamu anayo haki ya kuuliza mifupa hiyo imetoka wapi.

Watoto ni amana mikononi mwetu. Hawana uwezo wa kuchagua kisima. Sisi ndio tunaowachagulia.